Jongoo Bahari Hali Peke Yake

Leo tumzungumzie mnyama anayekula mchanga akanenepa.

Nasema mchanga kweli, huu huu tunaoukung'uta miguuni kabla ya kuingia ndani. Jongoo bahari huuzoa kwa vishikio vilivyouzunguka mdomo wake, akaupitisha kwenye utumbo mrefu unaomshinda yeye mwenyewe mara kadhaa, kisha akautoa upande wa pili ukiwa vipande vya mviringo vilivyofuatana. Kila aliyetembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa ameviona vipande hivyo, hata kama hakujishughulisha kuuliza vimetoka kwa nani.

Chembe ya mchanga haina lishe. Kinachomshibisha jongoo ni kile kilichoigandama chembe hiyo: utando mwembamba wa bakteria, mwani mdogo usioonekana kwa macho, mabaki ya nyasi bahari yaliyooza, na kinyesi cha wanyama wengine. Vyote hivyo ukivikusanya ni sehemu ndogo sana ya uzito anaoumeza, kwa hiyo hana budi kumeza mwingi. Mwaka 2021 watafiti nchini Australia walitoa makadirio ya mwamba mmoja tu wa matumbawe, ule wa kisiwa cha Heron kilichoko upande wa kusini wa Great Barrier Reef. Waliwahesabu majongoo kwa picha za droni, wakapima kiasi anachotoa mmoja kwa siku, wakapiga hesabu. Majongoo wapatao milioni 3 wa mwamba ule hutoa zaidi ya tani 64,000 za kinyesi kwa mwaka, na karibu kinyesi chote hicho ni mchanga uliokwisha kupita tumboni.

Sasa ugumu unaanzia hapa. Bakteria kwa jongoo ni chakula. Humeza wengi kupita kiasi kwa siku, na wengi wao huyeyushwa humo humo tumboni. Lakini wapo wengine wasioliwa, ambao wameufanya utumbo kuwa makazi yao, nao humsaidia kuvunja vyakula ambavyo yeye peke yake hawezi kuvimaliza. Ukimpasua jongoo aliyevuliwa asubuhi ukakuta utumbo umejaa bakteria, bado hujui unatazama nini. Yawezekana ni kifungua kinywa chake. Yawezekana ni wageni wa usiku mmoja waliokuja na mchanga na watatoka nao. Yawezekana pia ni wapangaji hasa, wenye chumba chao na kazi yao.

Njia mojawapo ya kuwatenga ni kumnyima mchanga mpaka utumbo utakate, ndipo uangalie nani amebaki ameshikilia ukuta. Wafugaji wanaijua hali hiyo ya tumbo tupu kwa sababu nyingine kabisa: vifaranga wa jongoo wanaposafirishwa huachwa kwanza kwenye maji safi bila mchanga, ili wasichafue maji ya mfuko njiani. Njia ya pili ni kusoma vinasaba. Zamani mtaalamu alipaka ute wa utumbo kwenye sahani ya maabara akasubiri bakteria waote, na wengi walikataa kuota. Siku hizi vinasaba vyote vilivyomo husomwa kwa pamoja, yakatoka majina kwa mamia. Niseme mapema kwamba orodha ya majina haikuambii nani anafanya kazi gani. Mengi yanayoandikwa juu ya bakteria wa tumboni, wa binadamu wakiwemo, hukimbilia kusema fulani ni mwema na fulani ni mbaya kwa kutazama orodha tu.

Tuje kwenye swali lenyewe: chakula kinabadilishaje jamii hiyo ya ndani?

Kwanza, chakula huingia na bakteria wake. Mchanga wa chini ya nyasi bahari una bakteria tofauti na mchanga mweupe wa mkondoni, na tope la karibu na mikoko lina wake. Jongoo akihama mita chache tu, wageni wa tumboni wamebadilika. Pili, na hili ndilo lenye uzito, chakula humpa nafasi yule anayejua kukivunja. Mwani wa kahawia umejaa sukari ngumu iitwayo alijineti. Bakteria wenye vimeng'enya vya kuikata alijineti wakiupata mwani huo wataongezeka haraka, na wasiokuwa navyo watabaki nyuma. Ukiacha kuuleta mwani ukaleta unga wa soya, mashindano yanaanza upya kwa kanuni nyingine. Jambo la tatu ni mwendo. Chakula kikipita haraka, anayesalia ni yule anayezaliana upesi au anayejua kung'ang'ania ukuta wa utumbo. Kikikawia, hewa ya oksijeni hupungua, wakajitokeza wale wasioihitaji.

Wachina wamelifanyia kazi jambo hili kuliko taifa lolote, kwa sababu ya soko. Jongoo wao wa bahari ya baridi, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Apostichopus japonicus, hufugwa kwa wingi katika majimbo ya Liaoning na Shandong, na chakula chake cha desturi mabwawani ni unga wa mwani wa kahawia uliochanganywa na tope la bahari. Mwani ulipoadimika na bei kupanda, wafugaji wakatafuta mbadala, na watafiti wakapata sababu ya kutazama kinachotokea tumboni kila chakula kinapobadilika. Kinachojirudia katika tafiti hizo ni kwamba jamii ya bakteria hubadilika kweli. Lakini kubadilika peke yake si habari njema wala mbaya mpaka umpime mnyama: amekua, amepungua, au amebaki vile vile?

Jongoo huyo wa Uchina na Japani ana tabia moja inayowarahisishia watafiti kazi. Maji yanapopata joto wakati wa kiangazi, huacha kula kabisa. Hujificha kwenye miamba, utumbo wake ukasinyaa ukawa kama uzi, akakaa hivyo kwa wiki nyingi, hata miezi. Wapangaji wa tumboni hukatiwa chakula wote kwa wakati mmoja. Wanaoishi kwa mabaki ya mimea hupungua, na wanaoweza kujilisha kwa ute wa utumbo wenyewe wakapata nafasi. Maji yakipoa jongoo huanza kula tena, na utumbo hujaa upya.

Na utumbo kusinyaa ni jambo dogo. Majongoo wengi wakisumbuliwa huutapika utumbo wote. Wavuvi wetu wanaijua sana tabia hii: umemshika, ghafla mkononi una vitu vya kunata na jongoo mwenyewe amebaki mfuko mtupu. Hafi kwa hilo. Baada ya wiki chache huwa ameota utumbo mwingine. Kwa mtafiti hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu ni shida kumpata mnyama mzima mwenye utumbo mpya ambao haujawahi kukaliwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa jongoo wa pwani ya Pasifiki ya Marekani aliyefuatiliwa wakati utumbo wake ukiota upya. Kama tumbo lingekuwa linapokea tu chochote kinacholetwa na tope, bakteria wa utumbo mpya wangefanana na bakteria wa tope lile. Haikuwa hivyo. Walijipanga kwa namna inayotabirika, wakatofautiana na wale wa nje. Kumbe chakula hupendekeza, na mwili wa jongoo nao una usemi juu ya nani akae.

Huo ndio msimamo wangu katika mazungumzo haya, na nitaurudia tukifika Zanzibar: lishe ina nguvu juu ya bakteria wa tumboni, lakini nguvu hiyo ina mpaka, na biashara nyingi hufanywa kwa kujifanya mpaka huo haupo.

Kabla ya Zanzibar, nipitishe mifano miwili ya wanyama wengine wasio na uti wa mgongo, kwa sababu jongoo asije akaonekana wa ajabu peke yake. Yule mnyama wa mviringo mwenye miba anayetuchoma nyayo mwambani hula mwani kwa wingi, na mwani mwingi una upungufu wa naitrojeni, ambayo ndiyo mali ghafi ya protini. Sasa anajengaje nyama? Mwaka 1977 watafiti wa Kanada waliwachunguza wanyama hao wa bahari ya baridi, wakakuta tumboni mwao bakteria wanaoinasa naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini, kazi ile ile inayofanywa na bakteria wa mizizi ya kunde huku shambani. Mnyama anayekula chakula duni amepata mshirika wa kuziba pengo la chakula hicho.

Mfano wa pili unawahusu mafundi wa majahazi. Wazee wa Lamu na Pemba walipopaka shahamu chini ya chombo, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, adui waliyemkusudia ni yule mdudu anayetoboa mbao. Wataalamu wanamweka katika ukoo wa chaza, ingawa kwa umbo amekuwa mrefu kama mnyoo. Anakula ubao. Ungetarajia tumbo lake liwe limejaa bakteria wa kuvunja ubao, kama la ng'ombe lilivyojaa wa kuvunja nyasi. Limekutwa karibu tupu. Bakteria wake wanaishi kwenye matamvua, mbali na chakula, na vimeng'enya vyao husafirishwa hadi tumboni. Sukari inayotoka huko hailiwi na bakteria wowote njiani, anaifaidi mwenyewe. Kisha mwaka 2017 ikatangazwa habari ya ndugu yake mkubwa wa Ufilipino, aishiye kwenye tope, ambaye ameacha ubao kabisa. Bakteria wa matamvua yake hutengeneza chakula kwa nishati ya gesi ya salfa inayonuka kama yai viza, na viungo vyake vya kusagia chakula vimesinyaa. Ukoo mmoja, vyakula viwili, na washirika wawili tofauti kabisa.

Haya, tuvuke hadi Unguja.

Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na tangu mwanzo akina mama ndio wengi mashambani. Maji yalipozidi joto, mwani ukawa unakatika na kuoza, bei nayo haikuwahi kuwa ya kujivunia. Ndipo jongoo bahari alipoanza kutazamwa kwa macho mengine, hasa yule anayeitwa jongoo mchanga, ambaye sokoni Asia ni miongoni mwa wenye bei kubwa. Porini amevuliwa mpaka akaadimika. Kituo cha kuzalisha vifaranga kimejengwa Beit-el-Ras, na majaribio yamefanywa ya kuwaweka majongoo chini ya mashamba ya mwani, ili wale kinachodondoka. Wazo hilo nalipenda. Shamba moja la maji likitoa mavuno mawili, mama aliyesimama majini tangu asubuhi anapata malipo mawili kwa jua lile lile.

Lakini angalia maisha ya kifaranga kwa jicho la chakula. Anapototolewa ni kijilava kinachoelea, kinacholishwa mwani mdogo wa kuelea kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha anatafuta pa kutua, naye hatui popote: anataka sehemu yenye utando wa bakteria na mwani, ndiyo maana vituo huandaa vipande vya plastiki vilivyokwisha kuota utando. Hapo hula kwa kulamba ule utando. Akifika urefu wa sentimita moja au zaidi huhamishiwa mchangani, na maisha ya kumeza yanaanza. Katika miezi michache amebadili chakula mara mbili, na kila mara tumbo limepokea watu wapya. Vifo vingi vya vifaranga hutokea katika vipindi hivi vya kuhama. Sisemi bakteria ndio sababu ya vyote, maana wapo pia kaa na samaki wanaowala, na maji ya mvua ya masika yanayopunguza chumvi. Ila mtu anayewatoa kwenye plastiki na kuwamwaga baharini siku hiyo hiyo anawadai mengi kwa mara moja.

Wajapani wana utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu unaanzia pale pale mfugaji anapouliza: mbona hawa wa tangi moja, chakula kimoja, umri mmoja, huyu amenenepa na yule kadumaa? Mwaka 2016 watafiti wa Hokkaido walisoma vinasaba vya kinyesi cha jongoo mmoja mmoja, wadogo kwa wakubwa. Wakubwa walikuwa na bakteria wengi zaidi wa kundi linalojiwekea akiba ya kaboni katika vipunje vinavyofanana na plastiki. Vipunje hivyo vikivunjwa hutoa asidi fupi ambayo mnyama anaweza kuitumia kama nishati. Tayari huko Ghent, Ubelgiji, watafiti walikuwa wameonyesha mwaka 2007 kwamba dutu hiyo hiyo iliwasaidia kamba wadogo mno wa maji ya chumvi kustahimili vibrio, bakteria anayewatesa sana wafugaji wa kamba na majongoo.

Inavutia, sivyo? Na bado haituambii kama bakteria hao ndio waliomnenepesha jongoo, au jongoo aliyenenepa kwa sababu zake ndiye aliyewapa bakteria hao makazi mazuri. Yote mawili yangetoa kinyesi kinachofanana.

Upande wa Madagaska, huko Toliara, ufugaji wa jongoo mchanga vijijini umekwenda mbali kuliko kwetu. Familia zina vizimba vya nyavu baharini, huvuna usiku wakati wa bamvua kwa sababu ndipo jongoo anapotoka mchangani, na kila kizimba kina wa kukilinda, maana mwizi naye anajua saa ya bamvua. Somo moja lililothibitishwa huko na kwingineko ni la uzito kwa eneo. Kizimba kikijaa kupita kiasi, majongoo huacha kukua, na wakizidi zaidi hupungua uzito wangali hai. Mchanga upo tele, wamekalia mchanga! Kilichokwisha ni utando. Kila chembe imekwisha kupita matumboni kabla bakteria na mwani mdogo hawajapata muda wa kuota tena juu yake.

Kwa hiyo mfugaji wa jongoo, apende asipende, anafuga bakteria wa mchangani kwanza. Jongoo mwenyewe anashiriki kazi hiyo: akijifukia huingiza hewa kwenye mchanga, na mkojo wake, yaani amonia anayoitoa, ni mbolea ya ule mwani mdogo. Wachache wao huurutubisha mchanga wanaoula. Wakiwa wengi mno huumaliza.

Utaniuliza, basi si tuongeze chakula? Vituo vingi hujaribu: unga wa mwani, pumba, hata samadi ya kuku katika mabwawa ya zamani ya Asia. Katika tangi lenye maji yanayobadilishwa, unga kidogo wa mwani una maana. Kwenye kizimba cha wazi, mkondo hubeba nusu ya ulichonunua, na kinachozama kikizidi huoza, mchanga ukageuka mweusi chini, ukanuka. Hapo umewalisha bakteria, ndiyo, lakini wale wasiohitaji hewa, na jongoo atahama au atapata vidonda vya ngozi. Hilo la vidonda si dogo. Uchina limewaharibia wafugaji mabwawa mazima, na Madagaska vifaranga wamekwisha kuugua pia.

Kuna na hizi chupa na pakiti za bakteria wa kuongeza, zinazouzwa kwa wafugaji wa kamba, wa samaki, na sasa zinaanza kubisha hodi kwa wa majongoo. Sizikatai. Katika tangi la kituo, ambako maji huchujwa na mnyama ni mchanga wa umri, zipo sababu za kuamini kwamba bakteria waliochaguliwa vizuri wanaweza kuzuia vibrio asitawale. Kwenye kizimba cha Bweleo au Chwaka, kule Unguja, ni habari nyingine. Jongoo yule anameza mchanga mchana kutwa au usiku kucha, kila gramu ina bakteria wake kwa mamilioni, na tumefika kuona kwamba tumbo lake lina namna yake ya kuchagua. Kijiko cha unga kitabadilisha nini hapo, na kwa muda gani baada ya pakiti kwisha?

Msikilizaji uliye kwenye ushirika wa ufugaji, mtu akikujia na pakiti hiyo usimfukuze. Mkaribishe, mpe maji ya kunywa, kisha muulize aliwajaribia majongoo wangapi, juu ya mchanga wa wapi, na wale wa kizimba cha pili, ambao hawakupewa unga, walifikia gramu ngapi.